Bi Kilua Aliusia Nimwoshe Mimi

Jumapili, baada ya adhuhuri. Wingu limetanda tangu asubuhi na mvua haitaki kunya, joto limekwama ndani ya kuta. Mikono yangu inanuka kafuri. Nimeiosha kwa sabuni mara nne na kuipaka limau, bado inanuka.

Sijalia. Naliandika hilo kwanza nisije nikajidanganya baadaye. Tangu jana saa tatu asubuhi niko kama mtu aliyepigwa kofi gizani. Nakula nikiambiwa nile. Bwana Shee, mume wangu, ameniuliza mara mbili kama nina homa, nikamwambia ni uchovu wa safari. Akanitazama kidogo, akaenda zake msikitini. Ana tabia hiyo nzuri ya kutouliza mara ya tatu.

Bi Kilua amekufa.

Ukurasa huu nimeuandika wazi miaka mitatu kwa jina la kubuni: mapishi, vituko vya ofisi ya shule ninakofanya ukarani, malalamiko yangu juu ya punda wanaoziba njia za Mkomani, mtaa wetu hapa Amu kisiwani, kama wao ndio wenye hati za nyumba. Haya ya leo siyaachi wazi. Nimeyafunga kwa neno la siri ambalo ninalo mimi peke yangu. Na hata hivyo nitasema kijiji ni Mbwajumali, na huenda kisiwe Mbwajumali. Nikikaa nayo moyoni bila kuyaandika nitapasuka, na nikiyasema kwa mtu nitakuwa nimevunja ahadi. Mungu anisamehe ikiwa hata kuandika ni kusema.

Grupu letu linaitwa Kikuba. Ni wanawake thelathini na kitu wa pwani, kuanzia visiwa hivi vyetu hadi Mombasa na kuvuka, wote tumeguswa na kansa ya ziwa, yaani titi. Kikuba, kwa sababu ni kifungu cha maua ambacho mwanamke hukivaa kifuani, na aliyeanzisha grupu alikuwa na ucheshi wa kutia uchungu. Anayeingia huacha jina lake mlangoni na kuchukua la ua au jani linalonukia. Mimi ni Asumini. Msimamizi wetu ni Mkadi. Msichana mdogo kuliko wote, mwalimu wa watoto wa chekechea kule Malindi, ni Rihani. Na Kilua alikuwa Kilua, na tulimwita Bi kwa sababu alikuwa ametutangulia sote katika mambo haya. Ndivyo tulivyojua.

Picha hatutumiani. Hilo halikuandikwa popote, ni haya tu. Mwanamke wa kwetu atakusimulia kidonda chake hadi rangi ya usaha, lakini kukuonesha hakuoneshi, na wewe kumwomba akuoneshe ni kukosa malezi. Kwa hiyo tunajuana kwa sauti. Naweza kukwambia nani ameamka vibaya kwa kusikia salamu yake tu.

Sauti ya Bi Kilua ilikuwa nzito kidogo, na kicheko chake kilikuwa kinachelewa. Alikuwa anasema jambo la kuchekesha, ananyamaza, sisi tunaanza kucheka, ndipo na yeye anaanza. Nyuma yake siku zote kulikuwa na kuku. Alirekodi jumbe zake akichambua kunde, na ungesikia zikidondoka kwenye sinia.

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na uvimbe wa miezi saba na sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa nakunywa asali na habasoda. Nilikuwa nakunywa kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, na sisemi kwamba aya hazina baraka, nasema mimi nilizitumia kama mahali pa kujifichia. Daktari wa Mombasa alishaniambia kukata, na nilishamwambia nitarudi wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo ilikuwa imepita mara kumi na mbili. Niliingia Kikuba kusikiliza tu. Nikaandika mstari mmoja, kwamba naogopa kulala kwenye kile kitanda nisiamke. Bi Kilua akanijibu kwa sauti, pembeni, mimi peke yangu.

"Asumini, mimi nimekatwa. Nililala, nikaamka, nikajishika, nikaona pako tupu. Nikaomba chai."

Kisha akacheka, kwa kuchelewa.

Akanieleza yote. Dari ya wodi ya rangi ya kijani. Muuguzi mnene aliyekuwa akimwita shoga, kama rafiki wa siku nyingi. Dirisha lililoonesha minazi miwili iliyoota shina moja. Kovu lake alinichorea kwa maneno: upande wa kushoto, linaanzia kwapani, linashuka kwa mshazari hadi katikati, limefunga vizuri kama mdomo wa mtu mwenye siri. Nilisikiliza ujumbe ule usiku na mchana. Wiki iliyofuata nilipanda basi.

Pale wodini niliitafuta ile minazi, sikuiona. Nikadhani yeye alilazwa upande wa pili. Nilipozinduka koo limekauka, kitu cha kwanza nilichosema ni chai. Muuguzi, mwembamba, akaniambia bado. Nikaandika kwenye grupu: Nimeomba chai. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo ada yetu. Anayetoka kukatwa huandika maneno hayo mawili, na sisi tunajua amevuka.

Basi jana saa tatu asubuhi simu ikalia, nambari nisiyoijua. Sauti ya mwanamume. Akanitolea salamu, akaniuliza kama mimi ndiye Bi Asumini wa Mkomani, mwosha. Nikashtuka hapo hapo, maana nje ya grupu hakuna mtu duniani anayeniita Asumini.

"Mama amefariki yeo alfajiri," akasema. "Ameusia aoshwe na weye. Twakungoja kuzika."

Sikumwelewa. Nilimuuliza mama yupi. Akasema jina ambalo sikuwahi kulisikia, jina zuri la kizamani, kisha akaongeza kwamba mama yake alimwambia nikiuliza aseme ni Kilua.

Siku tatu kabla alikuwa ametuma ujumbe kwenye grupu. Rihani anakatwa Mombasa Jumanne hii, na Bi Kilua alimwahidi kumsemesha Jumatatu usiku, kumtia nguvu kama alivyotutia sote. Sauti ilikuwa na mafua kidogo. Hivyo ndivyo nilivyodhani, mafua.

Uosha maiti niliurithi kwa shangazi yangu. Nimeosha tangu nina miaka ishirini na tisa, na Bi Kilua nilimwambia hilo mwaka jana katika mazungumzo yetu ya pembeni. Wengi wa grupu nilipowaambia waliona baridi. Yeye aliuliza. Aliuliza maji yanakuwa ya moto kiasi gani. Aliuliza kama tunaona kila kitu. Nikamjibu kwamba tunaona kila kitu na hatusemi kitu. Akauliza, hata kwa waume zenu? Nikamwambia hata kwa waume zetu. Kisha akaniuliza habari za bei ya viazi.

Nilifunga mfuko wangu: kafuri, majani ya mkunazi, pamba, udi. Nikapata boti ya saa nne. Na nikiri jambo la aibu, nilipokuwa ndani ya boti ile nilijivuna. Kilio kilikuwa mbali bado, mshtuko ulikuwa umekizuia, lakini fahari ilipata njia. Katika wote alinichagua mimi. Nilijisemea kwamba leo nitaliona lile kovu, nitalisalimia kama mtu ninayemfahamu.

Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, na wakanipisha. Waosha wawili wa palepale walikuwa wameshatayarisha maji na ufuo, shimo la kupokea maji ya maiti, umeshachimbwa, na hawakufurahi kungojeshwa na mtu wa Amu, lakini wasia ni wasia. Dada yake mkubwa, Bi Mwana, alikuwa amekaa kichwani pa maiti. Nikalifunua shuka usoni.

Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Nilikuwa nimemjengea mwili mkubwa, wa mtu anayejaza mlango. Alikuwa mwembamba, mfupi, ana alama ya kuungua kidogo chini ya sikio. Nikamwambia kimoyomoyo, assalamu alaikum, Bi Kilua, ndiyo tunaonana.

Tukaanza. Nikafungua kifua. Upande wa kushoto palikuwa na kitambaa cha kanga kilichokunjwa vizuri, kimefungwa kwa mshipi wa kitambaa hichohicho, na kilinuka marashi ya waridi mengi mno. Nikakiondoa.

Hapakuwa na kovu. Palikuwa na ziwa.

Kilichobaki cha ziwa. Sitaandika zaidi ya hapo. Lilikuwa donda la miaka, si la miezi, na mkono wa daktari haukuwahi kulifikia. Akili yangu ikakimbilia ujinga: nikafikiri nimechanganya kushoto na kulia. Nikatazama wa kulia. Ziwa zima la mwanamke aliyenyonyesha, halina alama hata ya sindano.

Hakukatwa. Hakuwahi kukatwa.

Dari ya kijani, muuguzi anayemwita shoga, minazi miwili. Chai. Nilisimama pale na kata ya maji mkononi na yote yakaniporomokea moja baada ya jingine. Yule mwosha mzee aliyekuwa akinipokeza maji akanigusa kiwiko. "Osha, mwanangu," akasema. "Mai yapoa."

Nikaosha. Nilimkasirikia, na nalisema hili ili nilisome siku nyingine nikiwa nimetulia: nilimkasirikia maiti nikiwa nimemshika mkono. Nilitaka kumwamsha nimuulize. Nilimwosha kwa upole kuliko nilivyowahi kumwosha mtu, na moyoni nilikuwa namgombeza. Nikalifunika donda kwa pamba na kafuri, tukamvisha sanda nguo zote tano, nikaifunga mwenyewe. Wale waosha wawili walikuwa wameshaanza kukusanya vyombo. Kwao lilikuwa donda la mgonjwa, wameona mengi. Mimi tu mle ndani ndiye niliyejua nilichokuwa nakitazama.

Jeneza likatoka na wanaume wakaenda nalo. Tukabaki wanawake, tukaletewa kahawa. Bi Mwana akanivuta pembeni, ukumbini, karibu na kuku. Kuku walewale. Sikuuliza kitu, yeye mwenyewe alitaka kusema. Akaniambia nduguye hakumwonesha mtu kile kifua, alikuwa akijisafisha mwenyewe mlango umefungwa, na nyumbani walijua ni ule ugonjwa lakini walikatazwa kuutaja. Hakuna aliyemkataza kwenda hospitali. Mumewe, kabla hajafa, alimsihi. Watoto walimsihi.

"Alifika Mokowe, kule bara, mara mbili kupanda basi," Bi Mwana akaniambia. "Mara mbili karudi. Akisema miguu imekataa. Na kila akirudi, hukaa chumbani na simu, akizungumza na watu wake wa Kikuba siku nzima, akiwaambia enendani, enendani."

Nilipiga hesabu ya miezi. Mara ya pili aliyorudi kutoka Mokowe ilikuwa wiki ileile aliyoniambia nilale kwenye kitanda nisiogope.

Nikalala palepale na nimerudi asubuhi hii. Lakini kabla sijalala nilitoa tanzia kwenye grupu, mistari miwili, kwamba Bi Kilua ametangulia mbele ya haki na amezikwa. Sikusema kwamba mimi ndiye niliyemwosha. Simu ikajaa dua. Sauti za wanawake wanaolia, moja baada ya moja, hadi chaji ikaisha.

Leo asubuhi boti ilipokaribia Amu mtandao ukarudi, na ujumbe wa Rihani ukaingia. Ameuandika, hakuusema.

"Bi Asumini, si alikatwa? Na amekufa. Basi mimi nakatwa ya nini? Nimeshamwambia mamangu Jumanne siendi."

Nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyozisoma dua zote.

Hapa ndipo nilipo. Neno moja lingetosha. Hakukatwa. Herufi tisa. Nimeliandika ndani ya boti, nikalifuta. Nimeliandika hapa nyumbani, nikalifuta. Nikilipeleka, Rihani atajua kwamba aliyekufa ni yule ambaye kisu hakikumgusa, na huenda Jumanne akaenda. Nisipolipeleka, atabaki na hesabu yake, na hesabu yake ukiitazama ni sahihi: Bi Kilua, mwalimu wetu, alifanya yote tuliyoambiwa tufanye, na amekwenda.

Lakini shangazi alinichukulia ahadi siku ya kwanza aliponipa kata. Ukiona uso umeng'aa, waambie jamaa zake wafurahi. Ukiona kingine, kimwage pamoja na maji, kiishie kwenye ufuo. Mwosha anayesema hafai kuosha hata paka. Nimeona mengi ndani ya nyumba za mji huu, ya watu wenye majina makubwa, na hakuna hata moja lililotoka. Leo nianze kwa mtu aliyenipenda?

Nimejaribu kujitafutia mlango. Nimejiambia kwamba wasia wake ndio ruhusa. Angeweza kuoshwa na waosha wa kwao, wangeona donda, wangefunika, na uongo wake ungezikwa naye salama. Alinitaka mimi, mtu pekee ambaye akiliona lile ziwa atajua. Kwa nini, kama si kutaka lijulikane? Kisha nakumbuka mazungumzo yetu. Alihakikisha kwanza kwamba sitasema. Hata kwa waume zenu? Hakumtafuta mtu wa kumtangaza. Alitafuta mtu mmoja wa kumwona. Nadhani alichoka kuwa shujaa peke yake.

Na liko jambo jingine, na hili ndilo lililonitoa usingizi kule Mbwajumali. Nimejiuliza: kama angeniambia kweli, kwamba naye anaogopa, kwamba amefika Mokowe akarudi, mimi ningepanda lile basi?

Nisingepanda.

Ningemwambia tuko wawili basi, tungeliwazana kwa habasoda, na mmoja angemtangulia mwenzake. Yu hai mtu anayeandika haya kwa sababu mwanamke mmoja mwoga alikaa chumbani akamtungia hadithi yenye chai. Sijui nimwite mwongo au nimwiteje. Hasira haijaisha. Shukrani nayo imekaa palepale, haisogei.

Simu inalia. Ni Rihani.

*

Nimerudi. Alasiri imepita, mvua imenyesha kidogo na kuacha. Naandika haraka kabla sijaanza kuyapamba.

Alikuwa analia kwa namna ile ya mtu aliyelia tangu asubuhi, hata sauti haina maji tena. Nikamwacha. Kisha nikamwambia kwamba kesho napanda basi la asubuhi, nimeomba ruhusa kazini, basi linapita Malindi na nitashuka nimchukue, au apande twende sote, na Jumanne nitakaa nje ya mlango hadi atoke. Ruhusa nilikuwa sijaiomba. Nitaiomba kwa simu nikiwa njiani, na mwalimu mkuu akasirike akitaka.

Rihani akasema, niende nikafanye nini Bi Asumini, nikafe kwa utaratibu?

Nikamwambia mimi nilikatwa, huu mwaka wa pili, nipo.

"Hata yeye alikuwa akisema hivyo," akajibu.

Kila neno nililokuwa nalo lilikuwa limeshatumika. Maneno ya mwanamke aliyekatwa na ya yule ambaye hakukatwa yanafanana, herufi kwa herufi, na sisi katika Kikuba hatukuwahi kuwa na kitu kingine ila maneno. Miaka yote tunaoneana haya, na tazama haya imetufikisha wapi.

Nikamwambia asubiri. Nikafunga mlango wa chumba kwa komeo. Bwana Shee alikuwa nje kwenye baraza na jirani, nilikuwa nawasikia wakibishana habari za mpira. Niseme ukweli wangu hapa: Bwana Shee mwenyewe hajaliona. Miaka miwili navaa na kuvua nyuma ya mlango, naye hakuuliza mara ya tatu. Mimi nami silitazami. Naoga nikiangalia ukutani.

Nikaisimamisha simu juu ya kasha, nikamwambia nampigia ya video. Akapokea. Mara ya kwanza naiona sura yake: ana uso wa mtoto, macho yamevimba, kitambaa kichwani kimekaa upande. Nadhani na yeye alishangaa kuniona nilivyo mtu mzima. Hatukusalimiana. Nikavua dera, nikafungua sidiria na ile pamba ninayojazia, nikasimama mbele ya dirisha mahali penye mwanga.

Nikaishusha mikono ubavuni. Jana ilijua la kufanya mbele ya maiti, na leo mbele ya msichana haikujua.

Kwenye kile kiboksi kidogo cha pembeni nikajiona. Upande wa kulia pako bapa. Kovu limenyooka sehemu kubwa, halafu karibu na kwapa limejikunja, pale daktari alipoongeza nyuzi. Rangi yake imefifia kuliko nilivyodhani. Ni ngozi. Miaka miwili nilikuwa naogopa ngozi yangu mwenyewe. Hapo ndipo machozi yaliponitoka, yote ya jana na ya leo, na sikuyafuta, niliogopa nikiinua mkono nitajifunika.

Rihani alisogeza uso karibu na kioo. Akauliza kama linauma. Nikamwambia baridi ikiingia huwasha, na nikibeba ndoo kwa mkono ule huvuta, basi. Akauliza kama nalala kifudifudi. Nikamwambia nalala, na nakoroma. Akacheka kidogo, akaacha.

Akauliza kama mume wangu amelizoea. Nikamwambia hapana, hajaliona, wewe ndiye wa kwanza.

Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa tangu asubuhi.

"Na la Bi Kilua, lilikuwa kama hili?"

Sikuwa nimemwambia mtu kwamba nilimwosha. Lakini tanzia niliitoa mimi, na kila mtu katika Kikuba anajua mimi ni mwosha, na yeye ni mwalimu, anajua kujumlisha. Nilimwona akinitazama usoni sasa, si kifuani. Neno la herufi tisa lilikuwa limekaa ulimini. Lingetoka lenyewe kama ningefungua kinywa vibaya.

"La Bi Kilua nimelifunika kwa mikono yangu," nikamwambia. "Hilo limeshakuwa lake na Mola wake. Wewe tazama hili."

Akatazama. Alitazama kwa muda mrefu, nami nikasimama vilevile, hadi nje kwenye baraza ubishi wao ukaisha na nikasikia Bwana Shee akiniita jina langu.

Rihani akafuta pua kwa kitambaa chake cha kichwani, akaniuliza basi langu linapita Malindi saa ngapi.